Msumeno wa mnyororo: modeli iliyotoka juzi au iliyokwisha kuthibitika? Mwongozo kamili wa kuchagua na kupima

Anayetafuta msumeno wa mnyororo hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza humwambia asiguse modeli mpya, awaachie wengine wagundue kasoro zake kwanza. Wa pili humwambia modeli za zamani zinakunywa mafuta na kutetemesha mikono, kwa hiyo achukue ya kisasa asonge mbele. Kila upande una ukweli wake, na kila upande unaweza kukutia hasara, maana hakuna anayeuliza kwanza ni nini hasa kilichobadilika ndani ya mashine, na ni nani atakayeifungua siku ikikataa kuwaka. Hayo mawili ndiyo yanayoamua. Umri wa jina lililobandikwa kwenye plastiki huamua machache sana.

Hatua ya 1: Tambua upya wenyewe uko wapi

Kuna mashine mpya, kuna jina jipya, na kuna usanifu mpya. Mashine inaweza kutoka kwenye boksi leo ilhali usanifu wake una miaka ishirini. Jina nalo linaweza kubadilika huku chuma kikibaki kilekile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Stihl walianza kuweka herufi MS kwenye majina ya misumeno yao: 017 ikawa MS 170, 018 ikawa MS 180, 044 ikawa MS 440, na 066 ikawa MS 660. Aliyedhani 066 imekufa na mashine ngeni imezaliwa alikosea. Ilikuwa ni ukoo uleule.

Njia nzuri ya kuuona ukoo huo ni namba za spea. Kwa Stihl, tarakimu nne za mwanzo hutaja familia ya mashine: 1130 ni familia ndogo ya 017, 018, MS 170 na MS 180, 1122 ni ya 066 na MS 660. Sasa itazame MS 661. Kwa jina inaonekana ni hatua moja tu mbele ya MS 660, lakini familia yake ni 1144. Ni injini nyingine. Hata hivyo namba ya familia ni dalili, si hukumu, kwa sababu kiwanda kinaweza kubadili silinda au kabureta ndani ya familia ileile.

Husqvarna hukupa mtego ulio kinyume. 372 XP ilijijengea heshima kubwa msituni, kisha baadaye ikatolewa ikiwa na injini ya X-Torq (mfumo wa kupunguza moshi, tutauona katika hatua ya 2) huku jina likibaki 372 XP. Pistoni na silinda za ile ya kwanza haziingii kwenye hii ya pili. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba 372 haifi, muulize ni ipi, maana huenda anasifu injini tofauti na ile unayotaka kuinunua. Bahati nzuri namba ya mashine ya Husqvarna husomeka kirahisi: tarakimu nne za mwanzo ni mwaka wa kutengenezwa, mbili zinazofuata ni wiki. Kwa namba hiyo unaweza kujua kama msumeno ulio mbele yako ulitoka kabla au baada ya marekebisho fulani.

Andika basi mambo manne kabla ya kwenda mbali: jina kamili pamoja na herufi zote za mwishoni, namba ya familia au ya bidhaa, mwaka wa kutengenezwa, na aina ya mfumo wa mafuta. Herufi za mwishoni zina uzito. C-M kwenye Stihl inakuambia kuna kabureta ya kielektroniki. Mark II kwenye Husqvarna inakuambia toleo la kwanza limefanyiwa marekebisho.

Hatua ya 2: Jua kilichobadilishwa, na kwa nini

Mabadiliko makubwa ya karibuni hayakuanzia kwenye malalamiko ya wakataji. Yalitokana na sheria za moshi za Marekani na Umoja wa Ulaya. Kwenye injini ya mipigo miwili ya kizamani, tundu la kutolea moshi hubaki wazi wakati mchanganyiko mbichi wa petroli na hewa unaingia, na sehemu ya mafuta hayo hutoka nje bila kuungua. Wasanifu walijibu kwa kuingiza kwanza tabaka la hewa tupu, ili kinachotoka na moshi kiwe hewa na si petroli. Husqvarna huuita mfumo huo X-Torq, Stihl huuita 2-MIX. Husqvarna wanadai unapunguza matumizi ya mafuta hadi asilimia 20 na moshi hadi asilimia 60.

Kwa upande wa uimara, mfumo huo umeongeza njia ya pili ya hewa, na kwa hiyo umeongeza mpira na gasketi zinazoweza kuvuja. Pistoni yenyewe ina matundu mapana ubavuni. Lakini teknolojia hii imeshazeeka: imefanya kazi tangu miaka ya 2000, imepita kwenye joto, vumbi na baridi, na mafundi wanaijua. Anayeikataa leo kwa hoja kwamba ni ngeni amechelewa.

Badiliko la pili ni kabureta inayojirekebisha, M-Tronic kwa Stihl na AutoTune kwa Husqvarna. Kabureta ya zamani ina skrubu mbili, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa kasi, na mtu huzirekebisha kwa sikio. Hii ya kielektroniki ina vali ndogo inayofunguka na kufunga kwa amri ya kompyuta, ikifuata mwendo wa injini. Ukipanda mlimani ambako hewa ni nyepesi, inarekebisha. Chujio likiziba kidogo, inarekebisha.

Hapa nina msimamo. Naamini mifumo hii imeokoa injini nyingi kuliko ilizoua, kwa sababu muuaji mkubwa wa misumeno yenye skrubu ni mkono wa mtu anayeikaza H akitafuta kasi. Mafuta yanapungua, mchanganyiko unakuwa mkavu, na kwa kuwa oili ya kulainisha pistoni imo ndani ya petroli, nayo inapungua. Pistoni inapata joto na kushika silinda. Kompyuta haina tamaa hiyo.

Lakini ina udhaifu unaopaswa kuujua. Hewa ikianza kuvuja kidogo mahali fulani, mfumo huongeza mafuta kimyakimya na msumeno unaendelea kukata vizuri. Kwenye kabureta ya skrubu ungesikia mlio umebadilika mapema. Kwenye hii utasikia pale tu uvujaji unapovuka kiwango ambacho vali inaweza kukifidia, na kufikia hapo madhara yanaweza kuwa yameanza.

Badiliko la tatu ni kupuliza mafuta kwa injekta, bila kabureta. Stihl MS 500i, iliyoingia sokoni mwaka 2019, ndiyo msumeno wa kwanza wa mnyororo kuuzwa ukiwa na mfumo huo unaosimamiwa kielektroniki: ujazo wa 79.2 cc, nguvu ya kilowati 5, na uzito wa kilo 6.2 bila bapa (chuma kirefu kinachobeba mnyororo) wala mnyororo. Hauna betri, umeme wake unazalishwa na flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, injini inapozunguka. Umeondoa viwambo vya mpira vya kabureta ambavyo hukauka na kupinda, na badala yake umeleta pampu, injekta na sensa. Vitu hivi havilalamiki kidogo kidogo. Hufanya kazi au vinakataa.

Kuhusu misumeno ya betri nitasema kwa kifupi tu. Mota yake haina mengi ya kuharibika, kwa hiyo swali la uimara linahamia kwenye betri, swichi na maji. Uliza kama betri ileile inaingia kwenye zana nyingine za kampuni hiyo. Mfumo wa betri unaobeba zana nyingi una nafasi kubwa ya kuendelea kutengenezwa.

Hatua ya 3: Elewa kila ubovu hujitokeza lini

Wataalamu wa uimara wa mashine hugawa maisha ya kifaa katika vipindi vitatu. Mwanzoni kuna vifo vya utotoni: skrubu isiyokazwa, sili (mpira wa kuzuia uvujaji) iliyokaa upande, koili (kizalisha cheche) yenye kasoro. Katikati kuna kipindi kirefu cha utulivu ambacho ubovu huja mara chache na bila mpangilio. Mwishoni kuna uchakavu. Haya ni ya mashine moja moja. Kasoro ya usanifu ni jambo jingine: humpata kila aliyenunua, lakini huhitaji hali fulani ili ionekane.

Kwa msumeno, mpangilio wake huwa takribani hivi. Ndani ya matangi machache ya kwanza huonekana makosa ya kuunganisha, pamoja na vifuniko vinavyovuja. Ndani ya msimu mzima wa kwanza, hasa wa joto, huonekana tatizo la kuwasha injini iliyo moto, pampu ya oili isiyotosheleza bapa refu, na plastiki iliyo karibu mno na ekzosi. Baada ya miaka kadhaa ndipo mipira ya kuzuia mtetemo, mirija ya mafuta, mpira unaounganisha kabureta na silinda, na maganda ya nyaya huanza kupasuka. Beringi za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na uso wa silinda huja mwisho kabisa, kama mwenye msumeno hakuwahi kuweka mafuta mabaya.

Tazama hapo uone tatizo la modeli mpya lilipo. Kiwanda kinaweza kuendesha msumeno saa nyingi mfululizo maabara, kikajua beringi zitadumu. Hakiwezi kununua miaka kumi ya jua na petroli kuukuu kwenye mpira. Modeli iliyothibitika ni ile ambayo mashine nyingi, mikononi mwa watu wasiofanana, zimeshavuka vipindi vyote vitatu. Hiyo ndiyo faida yake halisi, na haitokani na chuma kuwa kizito zaidi au mafundi wa enzi zile kuwa waaminifu zaidi.

Kwa maoni yangu, wakati mzuri wa kununua modeli ni kuanzia mwaka wa tatu hivi tangu itoke, baada ya angalau raundi moja ya marekebisho ya kiwanda, na kabla haijatangazwa kuwa inaondolewa. Kasoro za mwanzo zinakuwa zimerekebishwa, spea ziko rafuni, na fundi ameshafungua kadhaa.

Hatua ya 4: Tafuta ushahidi, acha sifa

Tangazo la kiwanda halikusaidii, na sifa za aliyenunua wiki iliyopita hazikusaidii pia. Ushahidi wenye uzito upo mahali pengine.

Anza na orodha ya spea ya mashine hiyo, ile yenye michoro ya vipande vilivyotawanywa. Wakala anayo, na za kampuni kubwa hupatikana mtandaoni. Tafuta spea ambazo namba zake zimebadilishwa, yaani namba ya zamani imefutwa na mpya kuwekwa badala yake. Spea moja ikibadilishwa namba mara mbili au tatu ndani ya muda mfupi, hapo ndipo kiwanda chenyewe kilipoona udhaifu. Usiogope, hiyo ni habari njema ikiwa mashine unayonunua inakuja na toleo la mwisho la spea hiyo. Linganisha na mwaka wa kutengenezwa uliouandika katika hatua ya 1. Msumeno uliokaa dukani muda mrefu unaweza kuwa mpya kwako na bado ukabeba spea ya kwanza yenye kasoro.

Kisha angalia matangazo ya kurudisha bidhaa kiwandani. Marekani hutolewa kupitia tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, na Umoja wa Ulaya una mfumo wake wa tahadhari uitwao Safety Gate. Haya ni ya usalama zaidi kuliko uimara, lakini breki isiyofunga au kifuniko cha tangi kinachovuja petroli si jambo la kulipuuza.

Halafu nenda kwa fundi. Usimuulize ni msumeno gani mzuri, maana atakujibu ule anaoupenda. Muulize ni ipi inarudi mezani kwake kwa tatizo lilelile, na ni spea gani humchukua muda mrefu kuipata. Kumbuka pia kwamba modeli inayouzwa sana itaonekana sana karakana hata kama ni imara. Kinachokupa habari ni kujirudia kwa ubovu wa aina moja, zaidi ya wingi wa mashine zilizopangwa ukutani.

Unaposoma malalamiko ya wanunuzi, yachuje kwa swali moja: je, ubovu huu ungeweza kuletwa na mafuta? Msumeno uliokaa na petroli kwenye tangi miezi kadhaa kisha ukakataa kuwaka hauna hatia. Mnyororo uliotoka kwenye bapa ni wa kukazwa. Lakini watu wengi wasiojuana wakieleza dalili moja kwa maneno tofauti, kwa mfano injini inazima ikipata moto na kuwaka tena ikipoa nusu saa, hapo sikiliza.

Hatua ya 5: Pima kwa kazi yako na kwa fundi wako

Swali la kwanza: una msumeno mwingine? Anayeishi kwa kukata miti akiwa na mashine moja hapaswi kuiweka riziki yake kwenye modeli ya mwaka wa kwanza, hata kama ni nyepesi namna gani. Aliye na miwili anaweza kuchukua mpya kwa kazi za kila siku na kuacha ya zamani kama akiba.

Swali la pili: karakana unayoifikia ina kifaa cha kusoma hitilafu za mfumo huo? Misumeno yenye M-Tronic, AutoTune au injekta huunganishwa na kifaa au kompyuta yenye programu ya kampuni. Fundi asiyekuwa nayo atabahatisha: atabadilisha koili, kisha vali, kisha nyaya, nawe utalipia kila jaribio. Kama wakala mwenye kifaa yuko mbali, modeli ya skrubu mbili ambayo fundi wa jirani anaijua kwa vidole ndiyo imara zaidi kwako, hata kama kwenye makaratasi inashindwa.

Swali la tatu ni saa za kazi. Msumeno wa siku nzima unabadilisha hesabu: uzito mdogo na mtetemo mdogo wa modeli mpya ni afya ya mikono yako. Mtetemo wa miaka huharibu mishipa ya damu na neva za vidole, na madhara hayo hayatengenezwi na fundi. Kwa anayekata siku chache kwa mwaka, faida hiyo ni ndogo, na anachohitaji hasa ni mashine inayovumilia kukaa.

Hatua ya 6: Ukichagua ya zamani, fungua macho kabla ya kulipa

Watu husema modeli fulani imethibitika, kisha wakanunua mashine ya modeli hiyo iliyochoka. Usanifu uliothibitika hauponyi silinda iliyokwanguka. Fuata mpangilio huu, na muuzaji akikukataza kufanya hatua yoyote kati ya hizi, ondoka.

Fika msumeno ukiwa baridi. Ukiukuta tayari una joto, huenda umewashwa mapema kuficha ugumu wa kuwaka. Shika mpini wa kamba ya kuwashia na uuache msumeno uning'inie. Usiposhuka au ukishuka polepole, mgandamizo upo. Ukiporomoka kwa haraka, una tatizo, isipokuwa vali ya kupunguza mgandamizo imebonyezwa. Baada ya hapo tumia geji: toa plagi, funga geji, fungua eksileta yote, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Kwa msumeno wa ukubwa wa kati, psi 150 (psi ni kipimo cha shinikizo) au zaidi ni afya njema. Ukishuka chini ya 110 injini imechoka, na chini ya 100 kuwasha kutakuwa mateso.

Geji haisemi yote, kwa hiyo toa ekzosi. Ni skrubu chache tu, na ndilo dirisha bora kuliko yote. Vuta kamba taratibu utazame pistoni kupitia tundu la moshi kwa tochi. Unataka uso laini wenye mistari hafifu ya kiwandani. Mikwaruzo mirefu ya wima upande wa moshi hutokana na mchanganyiko mkavu, oili pungufu au joto kali. Mikwaruzo upande wa kuingizia mafuta, unaouona ukitoa kabureta, huwa ni vumbi lililopita kwenye chujio bovu. Tofauti hii ina maana: ukibadilisha pistoni bila kuondoa sababu, mpya itakwenda njia ileile.

Washa msumeno sasa. Uache ukiunguruma bila kugusa eksileta, kisha uulaze ubavu mmoja na mwingine. Mlio ukipanda na kushuka wenyewe, au injini ikibaki juu sekunde kadhaa baada ya kuachia eksileta, shuku uvujaji wa hewa. Kipimo cha uhakika hufanyika karakana: tundu la kuingizia na la moshi huzibwa, kisha mwili wa injini hujazwa hewa ya takribani bar 0.5 na geji hutazamwa kama inashuka. Baada ya hapo lazima ifuate nguvu ya kufyonza, na hapa ndipo wengi hukata njia. Sili za kranki zina mdomo unaobanwa zaidi na shinikizo la ndani, kwa hiyo sili mbovu inaweza kufaulu kipimo cha kujaza na kushindwa kile cha kufyonza. Sisitiza vyote viwili.

Endesha mpaka injini ipate moto kamili. Koili za zamani huzeeka kwa namna ya kuudhi: cheche zipo mashine ikiwa baridi na hupotea ikiwa moto. Bonyeza mpira wa mirija ya mafuta. Ukiwa mgumu au unanata, umefika mwisho. Tikisa mpini dhidi ya mwili wa injini kuona mipira ya mtetemo. Vua kifuniko cha klachi utazame gia ya mnyororo. Mifereji iliyochimbika humaliza mnyororo mpya haraka.

Kuna jambo la nakala. Modeli zilizopendwa sana, MS 660 na 372 XP zikiwa mbele, hunakiliwa. Farmertec wa China huuza nakala hizo waziwazi chini ya jina la Holzfforma, na anayenunua akijua hana la kulalamika. Shida ni msumeno wenye ganda la asili na tumbo la nakala, unaouzwa kwa jina la ganda. Kagua utando mgumu wa ndani ya silinda kuzunguka matundu. Ukibanduka kama rangi, si wa kiwango. Silinda nyingi za Stihl za zamani zina alama ya Mahle au KS, watengenezaji wa silinda, iliyochorwa kwenye chuma. Kukosekana kwake ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Mwisho kabisa, breki. Modeli inayodumu si lazima iwe modeli salama. Stihl 070 na ndugu zake wakubwa wana sifa ya kudumu vizazi, na nyingi zilitengenezwa bila breki ya mnyororo. Msumeno usio na breki inayofunga yenyewe pale bapa linaporushwa nyuma, usio na kidaka mnyororo (kinachoukamata ukikatika au ukitoka), au usio na kizuizi cha eksileta, usiutumie kukata miti. Hakuna rekodi ya uimara inayofidia uso wa mtu. Msumeno ukiwa na breki, ijaribu: injini ikizunguka kwa kasi, sukuma kinga ya mkono mbele kwa kifundo, na mnyororo usimame papo hapo.

Hatua ya 7: Ukichagua mpya, utese mapema lakini kwa akili

Lengo hapa ni kulazimisha kasoro zijitokeze wakati dhamana bado ina nguvu. Watu wengi hufanya kinyume, huutunza msumeno mpya sandukuni na kuanza kuutumia kwa bidii dhamana ikikaribia kuisha.

Kabla ya kutoka dukani, hakikisha wakala ameandikisha namba ya mashine na umeelewa masharti. Dhamana ya mtumiaji wa nyumbani na ya mtu wa biashara mara nyingi hazilingani. Hifadhi risiti, na anza kuandika oili unayotumia na tarehe ya kuchanganya mafuta. Kampuni zinapokataa dai, sababu ya kwanza wanayoitazama ni mafuta, na daftari lako litakutetea.

Changanya kwa uwiano wa 50 kwa 1 kama mwongozo wa mashine unavyotaka: lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili. Tumia petroli yenye oktani isiyopungua 90 na ethanoli isiyozidi asilimia 10. Mchanganyiko uliopita mwezi usiutie kwenye injini mpya. Katika matangi matatu ya kwanza fanya kazi ya kawaida, lakini usishikilie eksileta mpaka mwisho wakati mnyororo haujaingia kwenye mti.

Baada ya tangi la kwanza, msumeno ukiwa umepoa, pitia skrubu za ekzosi, za mpini na za kifuniko. Joto hupanua na kulegeza. Shikilia ncha ya bapa juu ya kitu cheupe, ongeza mwendo, utazame kama oili inarushwa mstari. Petroli inapokwisha, tangi la oili linapaswa kuwa bado na kiasi kidogo. Likibaki limejaa, pampu haifanyi kazi yake.

Kipimo ninachokiona muhimu kuliko vyote kwa modeli changa ni kuwasha ikiwa moto. Kata mpaka tangi liishe, jaza, na ujaribu kuwasha baada ya dakika tano. Rudia siku nyingine baada ya kumi, na tena baada ya ishirini. Injini ikizimwa, feni inasimama lakini silinda bado ina moto, na joto hilo hupanda kwenye kabureta na kuyageuza mafuta kuwa mvuke. Usanifu wenye kinga hafifu ya joto hukamatwa hapa, kwa kawaida siku ya jua kali. Kama inahitaji kuvutwa mara nyingi, andika tarehe, muda wa kusubiri na hali ya hewa, kisha mpelekee wakala mara moja. Usiizoee. Mtu akishajifunza ujanja wa kuiwasha husahau kwamba ni kasoro anayoweza kurekebishiwa bure.

Kwa modeli ya kielektroniki, usihukumu kwenye magogo ya kwanza. Mfumo unahitaji kukata chini ya mzigo ili ujirekebishe. Mwongozo wa kila mashine una utaratibu wake wa kuuanzisha upya baada ya kubadili chujio au kuhamia mwinuko tofauti, ufuate neno kwa neno. Katika huduma ya kwanza muombe wakala aangalie toleo la programu, kwani marekebisho ya mwaka wa kwanza huja mara nyingi kwa njia hiyo bila spea yoyote kubadilishwa. Na kwa sababu kompyuta inaweza kuficha uvujaji, omba kipimo cha shinikizo na kufyonza kabla dhamana haijaisha hata kama msumeno unakata vizuri.

Hatua ya 8: Nunua spea zinazozeeka, si zinazochakaa

Mnyororo, bapa, gia na plagi zitapatikana siku zote, maana hutengenezwa na viwanda vingi kwa vipimo vya pamoja. Kinachopotea sokoni modeli ikiondolewa ni mipira yenye umbo la mashine hiyo tu. Mwenye modeli ya zamani anunue mapema mpira wa kuunganisha kabureta, mirija ya tangi, mipira ya mtetemo na sili za kranki. Avihifadhi gizani, mbali na petroli na jua. Koili iongezwe kama modeli tayari imeondolewa kiwandani.

Mwenye modeli mpya asubiri na mipira. Toleo la kwanza la mpira linaweza kuwa ndilo litakalobadilishwa. Kwake inatosha kuwa na machujio mawili ya hewa ya akiba, chujio la mafuta la tangini, plagi, na kamba ya kuwashia. Kila anapopita kwa wakala, aulize kama kuna spea iliyobadilishwa namba kwa mashine za mwaka wake, na kama ipo, aifunge kabla ile ya kwanza haijakatika.